Swali la Mama pale Timna

Kile kicheko bado kimenikaa moyoni. Tumeshafika Bethlehemu, wenzetu wamelala, Baba Upendo ameandika kwamba uhamisho wa Dodoma umekubaliwa, nami bado niko kwenye ile dakika moja ya juzi, kule jangwani Timna, kusini mwa Israeli.

Mnazijua Jumamosi za Mama: ufagio wa chelewa, ndoo, na kanisa letu pale Moshi kabla jua halijawaka. Sasa tukaingia kwenye ule mfano wa Hema ya Kukutania, uliosimamishwa bondeni kwa kufuata vipimo vya kitabu cha Kutoka. Mwongozaji akatuonyesha kinara, meza ya mikate, kisha pazia, akasema nyuma yake kuhani mkuu aliingia siku moja tu kwa mwaka. Kuna swali? Mama akanyoosha mkono.

“Samahani baba, na kufagia je? Nani alikuwa anafagia?”

Wakacheka. Kaka mmoja wa kundi letu akasema, “Mama naye! Hata huku anawaza ufagio.” Mwongozaji akatabasamu, akatuelekeza mlangoni. Mama akaivuta khanga yake begani, akanyamaza.

Hiyo “Mama naye” nimeisikia kichwani njia nzima hadi huku. Mama aliuliza kwa dhati. Mtu aliyefagia nyumba ya Mungu tangu sijazaliwa, ukimsimamisha mbele ya hema iliyopigwa kwenye vumbi, aulize nini kingine? Na vumbi lilikuwepo, jekundu, hadi kwenye mikunjo ya khanga. Hakuna aliyemjibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kicheko.

Nguzo za Sulemani nilizipita hivyohivyo, roho iko kwingine. Ni majabali ya mchangatawe mwekundu. Maji yaliyopenya kwenye nyufa ndiyo yaliyoyachonga, Sulemani hakuyagusa. Chini yake kuna mabaki ya hekalu la Hathor, mungu mke wa Wamisri, na humo mwanaakiolojia Beno Rothenberg alichimbua nyoka mdogo wa shaba mwenye kichwa cha dhahabu. Wenzangu wote wakamtaja Musa na yule nyoka wa jangwani. Mama, ambaye sura hiyo ya Hesabu anaijua kwa moyo, hakusema neno.

Lakini kuna jambo nililolisikia hukohuko ambalo leo ndiyo limeniingia. Kipo kilima cha wayeyusha shaba kilichoitwa Kilima cha Watumwa, kwa kudhani kwamba kazi ile ya moto na moshi haikuwa ya mtu huru. Erez Ben-Yosef na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walipochimba wakakuta mifupa ya nyama nzuri, mabaki ya samaki walioletwa kutoka mbali, na vitambaa vilivyotiwa rangi kwa ustadi. Mwaka 2021 wakatangaza vipande vya zambarau halisi, rangi ya wakubwa, vya miaka kama 3,000 iliyopita, zama za Daudi na Sulemani. Kumbe waliokaa na moto na majivu walikuwa watu wa heshima zao.

Majivu! Nimeiacha simu, nimefungua Walawi 6. Ipo, mstari wa 10 na wa 11. Mama alikuwa bado macho, anasali.

“Mama, nimepata. Majivu ya madhabahu aliyazoa kuhani.”

“Kuhani mwenyewe?”

“Mwenyewe. Kwa nguo za kitani. Halafu anabadilisha, anavaa nyingine, anayatoa nje ya kambi.”

Akakaa kitandani, uso umefunguka kabisa. “Aa! Basi alikuwa na nguo za kutolea taka.” Akaniomba nimsomee tena, taratibu, kisha mara ya tatu, na sasa amelala usingizi mzuri.

Mimi sijapata. Upendo anakohoa tena. Dada anasema ni mafua tu, ila jana kwenye simu nilisikia pumzi yake inakwaruza, na dawa ya kuvuta iliyobaki sijui kama itamfikisha Jumamosi.