Muhuri wa baba na senti ya 1969

Jumanne baada ya sala ya alasiri alikuja dukani kwangu Langoni kijana mmoja wa hapa hapa Amu (Lamu), mkononi ana leso iliyofungwa fundo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Una nini humo?"

Akafungua fundo. Senti moja ya Marekani, ya shaba, mwaka 1969, na chini ya mwaka ile herufi S ya kiwanda cha San Francisco. Babu yake alikuwa baharia wa meli za mizigo, na alirudi nyumbani na kopo zima la chenji za bandari alizopita. Kijana alikuwa ameona kwenye simu kwamba senti za mwaka huo, zenye maandishi yaliyojirudia, huuzwa kwa maelfu ya dola. Na hii yake kweli ilikuwa na kivuli kwenye tarakimu. Kilionekana hata bila lenzi.

Nikamwambia aketi kwanza. Mimi ni sonara, na kabla sijamjibu nilitoa kwenye mtoto wa meza muhuri wa marehemu baba.

Ni kijiti cha chuma, urefu wa kidole, na kwenye ncha pamechongwa nyota. Baba alipouchonga, tindo ilimponyoka kwenye mguu mmoja wa nyota, akaurudia pembeni kidogo. Mguu ule una ncha mbili. Hakuutupa. Kila bangili ya fedha aliyoigonga kwa muhuri ule ina nyota yenye mguu wa ncha mbili, pale pale, kwa upana ule ule. Mwaka jana mama mmoja kutoka Pate aliniletea bangili ya bibi yake niiunge, na kabla hajataja jina la aliyeitengeneza nilikuwa nimeshaijua.

Kisha nikachukua kibati cha fedha, nikagonga muhuri wangu mwenyewe, ambao ni mzima, bila kuukaza vizuri mkononi. Nyundo ilidunda, muhuri ukateleza unywele mmoja, na nyota ikatoka na kivuli. Nikagonga mara ya pili kwa mkono uliotulia: nyota safi.

Nikampa lenzi. "Tazama zote mbili. Ya baba kosa limo ndani ya chuma. Yangu kosa ni la pigo lile moja."

Kwenye sarafu mambo ni hayo hayo, ila kwa mashine. Muhuri wa kupigia sarafu nao hupigwa. Kuna muhuri mama, picha yake imetokeza juu kama ilivyo kwenye sarafu. Hukandamizwa kwenye chuma kilicholainishwa, na picha ikazama humo kinyumenyume. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kilikuwa kikigeuka kigumu, kinarudishwa motoni kilainike, kisha kinakandamizwa tena. Kikirudi hakikukaa sawasawa na mara ya kwanza, hata kwa kiasi kidogo sana, muhuri unabaki na picha mbili, na kila sarafu itakayotoka humo itazibeba zote mbili. Ndivyo ilivyokuwa kwa baadhi ya senti za kiwanda cha Philadelphia za 1955: inakisiwa kati ya 20,000 na 24,000 zilitoka kiwandani zikaingia mikononi mwa watu, na mwaka na neno LIBERTY vinasomeka mara mbili bila kioo. Kwa kuwa chuma kilizunguka kidogo, maandishi ya ukingoni ndiyo yaliyoachana zaidi. Kichwa cha Rais Lincoln kilicho katikati hakionyeshi sana.

Kosa la pigo ni jingine. Muhuri mzima, mashine imelegea. Muhuri ukishapiga hutikisika au huteleza, na kuisukuma pembeni herufi ambayo imeshaumbika. Kwa hiyo herufi haiongezeki kitu, inapunguzwa. Kwenye lenzi utaona kama kibaraza: bapa, kimelala chini karibu na uso wa sarafu, kinang'aa kana kwamba kimekwanguliwa, na herufi iliyobaki juu yake imekonda. Kosa la muhuri huinenepesha herufi. Ile picha ya pili ina mgongo wake wa mviringo, na pembe za herufi zimepasuka kama ulimi wa nyoka. Mimi hutazama pembe hizo kabla ya kitu kingine chochote. Izungushe sarafu polepole kwenye mwanga wa dirishani. Kibaraza hung'aa na kuzima kwa mkupuo mmoja.

Sasa ile S. Kwa senti za miaka hiyo herufi ya kiwanda haikuwa kwenye muhuri mama. Iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri baada ya picha kukamilika. Basi mihuri ikikosewa katika kukandamizwa, mwaka utajirudia lakini S itabaki moja. Senti ya kijana ilikuwa na kibaraza kwenye 1969, na kwenye S kibaraza kile kile, upande ule ule. Lilikuwa pigo.

Nilimwonyesha mwenyewe, sikutaka aniamini kwa maneno. Alitazama kwa muda mrefu. Aliniambia walikuwa wameshapanga, ingalikuwa ya kweli, mabati ya nyumba ya babu yangebadilishwa kabla ya masika. Iliniuma. Nilipoanza kukusanya nami nililipia thumuni ya Mfalme George kwa sababu jina lake lina kivuli, na ninayo hadi leo: kibaraza kitupu, toka G hadi S ya GEORGIVS, jina lake lilivyoandikwa kwa Kilatini. Huwa nawapa watu waishike wajifunzie macho.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa ameiosha kwa ndimu na chumvi ili ing'ae. Hata kama ingekuwa yenyewe, wanunuzi wangeikimbia. Kopo la babu bado lina sarafu hajazigusa, na amesema ataniletea Ijumaa. Nimemwomba alilete lilivyo, na kutu yake na vumbi lake. Nawe ukiwa na zako, dirisha langu lina mwanga mzuri kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili kasoro.