Mstari wa latitudo unapinda, na programu lazima ijue

Naongelea programu ya kompyuta ya kuwasaidia wapima ardhi kupiga laini za latitudo. Ukisimamisha theodolaiti (chombo cha kupimia pembe), ukaishikisha kaskazini ya kweli, ukageuza digrii 90 ukaanza kupiga laini kwenda mashariki, laini yako itakuwa imenyooka kabisa ila sio latitudo, maana latitudo inapinda polepole kuelekea ncha ya dunia na wewe unazidi kuangukia upande wa ikweta. Ni ikweta tu ndo haina shida hii.

Hesabu ya ofseti, yaani umbali kutoka laini yako hadi latitudo, ni fupi: ofseti = x² × tan(lat) / 2N, ambapo lat ni latitudo, x ni umbali uliotembea na N = a / √(1 − e² sin²lat), a ikiwa rediasi ya dunia kwenye ikweta, mita 6378137 kwa WGS84 (umbo la dunia linalotumiwa na GPS), na e² ni namba ya ubapa wa umbo hilo. Kwenye digrii 45, kilomita 1 inakupa kama sentimita 8 hivi, unaona kama kitu kidogo, lakini kilomita 10 ni mita 7.83 kwa sababu ya huo mraba. Na tafadhali usiweke rediasi ya wastani ya kilomita 6371 badala ya N, kwenye hizo kilomita 10 utakuwa umepoteza sentimita 2, bure kabisa wakati N ni mstari mmoja wa programu.

Sasa mimi naamini programu nzuri isiishie kwenye tangenti, yaani hiyo laini inayogusa latitudo mwanzoni tu, iwe na sekanti pia, laini inayoikata latitudo mara mbili. Marekani latitudo za kupimia zilipigwa kwa vipande vya maili 6, na ukienda na tangenti kwenye digrii 40, mwisho wa kipande ofseti ni mita 6.1, yaani bikoni (alama inayosimikwa kwenye latitudo) iko mbali na laini uliyofyeka, inabidi ufyeke tena. Sekanti inaanzia kusini kidogo ya latitudo, inaikata kwenye maili ya 1 na ya 5, ofseti kubwa inakuwa sentimita 85 pale miishoni na 68 katikati. Unafyeka njia moja tu! Kwa watu wa porini hiyo ni nafuu kubwa mno, kwenye programu ni hesabu ndogo tu.

Cha kuangalia sana ni alama ya kutoa. Latitudo ya −0° 15′ 30″, yaani kusini kidogo ya ikweta, ukiisoma digrii kama namba kamili, ile −0 inageuka 0 na umeshahamia kaskazini ya ikweta, kwa hiyo soma alama peke yake kwanza, dakika na sekunde baadaye, ndo uende kwenye radiani (kipimo cha pembe cha programu).

Halafu weka sehemu ya kuingiza bikoni za zamani. Mpaka wa Marekani na Kanada wa digrii 49 ulipimwa kwa nyota karne ya 19, timazi (kamba zenye uzito za kuonyesha wima) zikavutwa na milima, bikoni nyingine zikakaa mamia ya futi nje ya latitudo, na kisheria mpaka ni laini zilizonyooka kutoka bikoni hadi bikoni. Hapo programu iache fomula ya latitudo, ifuate bikoni.