Kupiga taimulapsi ya nyota zikizama ziwani Kisumu

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na hilo ndilo linaloamua hesabu nyingi za kamera yangu ninapopiga taimulapsi, yaani picha nyingi zinazounganishwa kuwa video. Ukisimama ufuo wa Dunga ukatazama magharibi, nyota hazishuki kwa mshazari. Zinazama wima majini, tena kwa kasi ya juu kabisa. Geukia kusini uone tofauti: huko zinazunguka nusu duara juu ya upeo, na Msalaba wa Kusini unakwenda kwa takriban nusu ya mwendo wa nyota zilizo juu ya ikweta. Ndiyo maana sitegemei kanuni moja ya muda wa kila picha kwa pande zote.

Kamera yangu ni ya sensa ndogo, na lenzi ni ya milimita 18 iliyokuja nayo, ikiwa wazi kabisa kwenye f/3.5. Kwa sensa hii 18 ni sawa na 27 kwenye kamera ya sensa kubwa, kwa hiyo ile kanuni maarufu ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, ili kujua picha ichukue sekunde ngapi kabla nyota hazijavutika, inatoa sekunde 18. Kusini zinatosha vizuri kwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 3200. Magharibi nyota zinavutika zikawa vistari, kwa hiyo napunguza hadi 12 na kupandisha ISO hadi 6400, nikikubali chenga kidogo, yaani vidoti-doti kwenye picha.

Picha ya sekunde 18 naipiga kila baada ya 21. Zile tatu za ziada ni za kamera kuandika faili kwenye kadi. Ukizinyima, itaruka picha na nyota zitashtuka kwenye video. Fremu 250 zinanipa sekunde 10 za video kwa fremu 25 kwa sekunde, na kuzipiga kunachukua karibu saa moja na nusu. Faili za RAW (picha ghafi) zinakula zaidi ya GB 6. Zima kile kipengele cha kamera cha kupunguza chenga baada ya kila picha, kwa sababu kinachukua picha ya giza ya muda uleule na kuvuruga ratiba yote.

Fokasi naiweka kwa mkono: nakuza nyota angavu mara 10 kwenye skrini, nazungusha pete polepole mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha naibana kwa selotepu. Alama ya mbali iliyo kwenye lenzi usiiamini. Mizani ya rangi (white balance) pia naifunga kwenye 3900 K, maana ikiachwa ijiamulie, video itameta-meta.

Mwezi Juni kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, karibu na mkia wa kundinyota la Nge, kinakuwa kusini-mashariki ifikapo saa mbili usiku, giza likiwa limekamilika, na kufika juu kabisa upande wa kusini kama saa sita na nusu. Taa za mji zinabaki mgongoni. Lakini usiku usio na mwezi ndio huo huo wavuvi wa omena wanatoka na taa zao. Mimi nawapenda kwenye picha: nawaachia ziwa sehemu ya tano ya chini ya fremu, na mitumbwi ikiwa karibu nashusha ISO hadi 1600 ili taa zisiwe mabaka meupe.

Stendi usiitege ukingoni mwa maji, kwa kuwa viboko hutoka usiku kula nyasi. Ongea kwanza na wenyeji wa ufuo wakuonyeshe palipo salama. Tumia tochi nyekundu, kwani nyeupe inakusanya wadudu mbele ya lenzi. Ukisikia ngurumo, kunja vyombo, hata kama juu yako ni kweupe.

Adui mkubwa ni umande. Lenzi ikipoa kuliko hewa ya ziwani inaingia ukungu, na kwenye video utaona nyota zikivimba kisha kufifia. Mkanda wa joto wa USB unaounganishwa na pawabenki, ukiuzungusha karibu na kioo cha mbele, unazuia hilo. Uwashe tangu picha ya kwanza, maana kufuta ukungu katikati kunasogeza kamera.

Mwishoni, kabla ya kuzima, funika lenzi upige picha 10 kwa muda na ISO zilezile. Usiku wa Kisumu ni wa joto, sensa inatoa vidoa vyekundu, na picha hizo ndizo programu kama Siril inazotumia kuviondoa.