Ubuntu ilipojificha nyuma ya Windows

Laptopu yangu ni kuukuu, niliinunua mkononi kwa mtu hapa Chake Chake. Windows 10 yake iliacha kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitaki mashine hii. Nikasema basi, naweka Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa bure wa jamii ya Linux, pembeni, Windows ibaki kwa ajili ya hesabu za duka la kaka.

Nilianza usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Nikaiteremsha Ubuntu kwa bando la usiku, nikaitia kwenye flashi, nikaipunguza C, sehemu ya diski yenye Windows, nikapata GB 40, nikaanza kuweka. Katikati kikatokea kisanduku cha onyo. Sikukisoma, nikabonyeza endelea, na hapo ndipo nilipojichongea. Kuzima na kuwasha, Windows ikaja moja kwa moja kama sijafanya kitu. GB 40 zimekwenda, Ubuntu haionekani.

Nikampigia fundi mmoja. "Lete, nifute yote nikupigie Windows upya." Kwa kila maradhi, dawa yao ni hiyo hiyo. Nikamwambia asante kaka, nitakuja. Sikwenda.

Nikarudi kwenye flashi, nikachagua kujaribu bila kuweka, nikafungua dirisha la amri, nikaandika ls /sys/firmware/efi. Hakuna folda hiyo. Nikacheka peke yangu. Folda ile huwepo pale tu mashine ilipowaka kwa mtindo wa UEFI, ule mpya wa kuwasha kompyuta. Windows yangu ni ya UEFI, na mimi flashi niliiwasha kwa mtindo wa zamani wa BIOS, kwa hiyo GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo, haikuandikwa mahali mashine inapotazama. Ubuntu imo ndani salama, ila hakuna wa kuifungulia mlango.

Kosa lilikuwa kwenye menyu ya F12, ile ya kuchagua mashine iwakie wapi. Flashi ile moja imeorodheshwa mara mbili: jina tupu, na jina lenye UEFI mbele yake. Mwanzo nilichukua la juu kwa uvivu. Safari hii nikachukua la pili, folda ikaonekana, nikaunganisha intaneti ya simu, nikaweka Boot-Repair, programu ya kutengeneza uwashaji, ikaiandika GRUB upya kwenye sehemu ya EFI, pale kwenye diski UEFI inapotazama.

Menyu ikaja. Lakini Ubuntu peke yake, Windows haimo! Tumbo likanikata, hesabu za kaka zote ziko mle. Kumbe tangu toleo la 2.06 GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iambiwe. Kwenye /etc/default/grub nikatia mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha amri sudo update-grub ya kuiandika menyu upya, na Windows ikajitokeza. Nilipoingia Windows nikazima Fast Startup, mpango wake wa kuwaka haraka. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kikweli, inalala tu, na Ubuntu haikubali kuandika kwenye sehemu yake ya diski.

Nikawa nakagua hesabu za kaka, saa ya pembeni inasema saa nane na dakika kumi. Daku bado, nikaendelea. Mama akagonga mlango: "Mwanangu, umekula daku? Hiyo alfajiri inaadhiniwa."

Ubuntu huiweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows ikaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Nikafunga hivyo hivyo, na njaa yangu. Kabla ya futari nikaandika kwenye Ubuntu timedatectl set-local-rtc 1, nayo iiweke saa ya mashine kwa saa ya hapa.