Chakula cha mchana kabla ya boti ya saa 10

Mama yangu ana kisukari, na mwanangu wa miaka 7 hutapika boti ikianza tu kuyumba. Nikisafiri nao wote wawili kwenda Unguja, swali la tule wapi mchana hunikosesha raha kuliko tiketi yenyewe.

Yaliyotukuta Agosti mwaka juzi ndiyo yaliyonifundisha. Tulitoka Morogoro kwa basi, foleni ya kutoka Mbezi hadi mjini ikatumaliza, tukafika jirani na bandari ya Dar es Salaam karibu saa 8 mchana, njaa imeshapitiliza. Boti yetu ilikuwa ya saa 10 jioni. Tukaingia hoteli ya kwanza tuliyoiona, tukaagiza pilau, na mtoto chipsi kuku. Chakula kikachukua karibu saa nzima. Mama alikuwa ameshameza vidonge vyake akidhani sahani iko njiani. Nikamwona jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno yanamkatika. Nilikimbia dukani nikanunua soda yenye sukari, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakarudi. Chakula kilipokuja tulikila mbiombio, mtoto akajishindilia chipsi zinazochuruzika mafuta, tukaingia getini dakika za mwisho kabisa.

Kusi ilikuwa inavuma. Ndani ya mlango wa bandari maji yanatulia, pale pantoni za Kigamboni zinapokatiza, na mtu anaweza kudhani safari nzima itakuwa hivyo. Mkishaviacha visiwa vya Bongoyo na Mbudya mkono wa kushoto, bahari inafunguka. Hatukufika hata nusu ya njia mwanangu alikuwa ameshajaza mfuko wa pili. Nilikaa katikati yao, mkono mmoja umemshika mama, mwingine umeshika mfuko, na nilikuwa naumia kwa sababu nilijua yote yale yalianzia mezani.

Mwaka huu tulisafiri tena mwezi wa Julai, kusi ileile. Safari hii nilianza kupanga kwa kuhesabu kurudi nyuma. Boti ni saa 10. Saa 9 nataka tuwe ndani ya geti, maana kuna kukaguliwa mizigo, kuonyesha vitambulisho, na mama hatembei haraka kwa sababu ya magoti. Mtoto anahitaji si chini ya saa mbili na nusu baada ya kula ndipo aingie baharini. Kwa hiyo mlo uwe umekwisha kabla ya saa 7 na nusu. Mama naye hupata mlo wake wa mchana saa 6 na nusu nyumbani, na daktari wake alishamwambia akimeza dawa asicheleweshe chakula. Hesabu zote mbili zikakutana palepale: tule saa 6 na nusu.

Lakini kutoka saa 6 na nusu mpaka tufike Unguja saa 12 jioni ni muda mrefu mno kwa mtu wa kisukari. Hapo ndipo nikaamua kuugawa mlo: sahani kamili mapema, halafu kipande kidogo cha kitu kikavu kabla ya kupanda. Baadaye rafiki yangu muuguzi aliniambia mpango huo unamfaa na mtoto pia, kwa sababu tumbo tupu kabisa baharini linasumbua kama lilivyo tumbo lililojaa. Alinieleza kwamba ndani ya sikio kuna majimaji yanayohisi mwendo. Macho yakitazama kiti kilichotulia huku sikio likisema tunapanda na kushuka, ubongo unavurugika na kichefuchefu kinaanza. Mafuta mengi na harufu kali huongeza adha.

Treni ya umeme ilitusaidia sana. Tangu ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, siogopi tena foleni ya barabarani. Kabla ya saa 5 asubuhi tulikuwa stesheni, na kutoka pale hadi bandarini ni safari fupi ya teksi. Nikawaweka mama na mtoto kivulini, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa na Wajerumani miaka ya 1897 hadi 1902, nikawaachia maji na ndizi mbili. Kisha nikaenda kuangalia vyakula peke yangu. Kutembea na mgonjwa na mtoto mwenye njaa mkitafuta hoteli ni kosa. Njaa ndiyo itakayowachagulia.

Mama alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: "Mwanangu, nataka changu." Yeye ni mzaliwa wa Unguja, na samaki wa Morogoro, hata wawe wazuri vipi, ni wa maji baridi. Basi nikaelekea Feri kwanza. Soko la samaki lilikuwa limechangamka, minada bado inaendelea, na wakaangaji wako na makarai yao. Changu walikuwa wazuri mno, macho maangavu, mashavu mekundu. Ningekuwa peke yangu ningekaa palepale. Lakini nilifikiria jua, magoti ya mama, sakafu yenye maji, na pua ya mtoto juu ya moshi wa yale mafuta. Nikashukuru nikaondoka.

Nikarudi upande wa Posta, kwenye hoteli moja yenye kiyoyozi na vitambaa mezani. Nilimuuliza mhudumu swali moja, ambalo sasa ndilo huanza nalo kila mahali: "Kaka, kipi kimeshaiva sasa hivi?" Akasema kila kitu kinapikwa mtu akiagiza, samaki huchukua kama dakika 45. Kwa wengine hiyo ni sifa. Kwangu mimi, mwenye mtu aliyemeza vidonge, hiyo ni hatari.

Jirani na geti kulikuwa na vibanda vya chipsi na sambusa. Karai lina mafuta meusi. Nilipita.

Nilikopata ni nyuma ya ofisi, kwa mama ntilie mmoja mwenye meza nne na turubai. Masufuria yalikuwa mengi na yote yanatoa mvuke. Nilimsalimu, nikamweleza hali yetu yote: mama ana sukari, mtoto anaumwa na bahari, boti saa 10. Hakuonyesha kuchoshwa hata kidogo. Akafunua sufuria moja baada ya nyingine nione mwenyewe. "Wali nimeuepua sasa hivi, dada. Mchemsho wa changu huu hapa, una ndimu na nyanya tu, mafuta hamna. Ila mje kabla ya saa 7, wafanyakazi wa maofisini wakishuka hamtapata pa kukaa." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniridhisha. Mahali ambapo watu wa ofisini hupanga foleni kila siku, chakula hakilali. Kinachopikwa asubuhi kinaisha mchana uleule.

Saa 6 na dakika 20 tulikuwa tumeshakaa. Mama alimeza dawa sahani ikiwa mbele yake, si kabla. Ugali mdogo kama ngumi, mchicha, na changu wa mchemsho ambaye alimla mpaka akafyonza mifupa ya kichwa. Mtoto nilimpa wali kidogo na mnofu bila mchuzi mwingi. Akataka soda na juisi ya embe aliyoiona meza ya jirani, nikakataa, na alilia. Ilinibidi nivumilie kilio cha dakika tano. Mama ntilie yule akamletea kikombe cha chai ya tangawizi ya rangi, akakinywa kwa kuwa alipewa na mgeni. Sahani tatu, chai na maji, shilingi 13,000. Nikamwambia anifungie chapati mbili kavu kwenye karatasi.

Saa 7 kamili wafanyakazi wakamiminika kama alivyosema. Sisi tulikuwa tunanyanyuka. Mama akapata msikiti wa kuswali, akaunganisha adhuhuri na alasiri kama msafiri, na saa 9 kasoro tulikuwa ndani ya geti bila mtu kuhema.

Saa 9 na robo kila mmoja alipata robo ya chapati. Mama alipima sukari palepale kwenye kiti cha kusubiria, ikawa sawa. Mfukoni nilikuwa na pakiti ya glukosi na chupa ndogo ya juisi kwa dharura. Ndani ya boti soda na vitafunwa vinauzwa, lakini mawimbi yakianza si rahisi kwenda kununua.

Tulikaa sehemu ya chini, nyuma ya katikati, ambako boti hairuki sana kama mbele. Simu nikamnyang'anya mtoto, nikamwonyesha mstari wa upeo wa bahari dirishani. Baada ya Mbudya mawimbi yalianza, na kuna abiria mbele yetu waliokuwa wakiomba mifuko. Mwanangu uso ulimbadilika mara moja, nikampa kipande cha chapati akitafune polepole. Kisha akalala begani kwa bibi yake. Mama alimaliza chapati yake saa 11 na nusu, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Bandarini Malindi, Unguja, nilimwamsha mtoto boti ikiwa imeshafungwa kamba. Tulishuka taratibu, mama ananishika mkono, upepo wa jioni unatupiga. Mtoto akanivuta nguo.

"Mama, nina njaa."

Nilisimama palepale katikati ya watu na mizigo yao, machozi yananilenga. Bibi yake akamjibu kabla yangu: "Twende, mjukuu wangu. Bibi yako mdogo ameshapika mkate wa kumimina."