Tangazo limepita, jirani hakusikia

Leo gari la matangazo limepita mtaani kwetu Pasua, Moshi: mvua zinakuja, chemsheni maji, jihadharini na kipindupindu.

Jirani yangu ni kiziwi. Alikuwa anafua nje, spika ikampita karibu kabisa. Hakuinua hata kichwa.

Nikamwonyesha kwa mikono: sufuria, moto, maji. Akaingia ndani, akarudi na daftari la mwanawe. Nikaandika. Akasoma, akaandika chini yake:

"Mtoto akianza kuhara usiku, nimpigie nani? Sisikii simu."

Jamani, hilo halikuwemo kwenye tangazo!

Tumekubaliana agonge dirisha langu saa yoyote. Mtoto aanze kunywa maji ya ORS, yale ya kurudisha maji mwilini, twende kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Mtaani kwenu viziwi wanapataje taarifa? Na wazee wasiotoka ndani? Niambieni, nataka kumpelekea mwenyekiti wetu.