Nimelipia upepo kutoka China

Basi jamani mzigo umefika! Chupa za chai boksi sita kutoka Yiwu, niliziagiza kwa simu tu nikiwa nimekaa zangu kitandani.

Kilichonichanganya ni hii CBM, mita za ujazo. Nilidhani melini wanapima kilo kama kwenye ndege, kumbe wanaangalia zaidi nafasi, yani urefu mara upana mara kimo, mita 1 kila upande ndo CBM 1, sasa chupa ya chai ndani si hewa tupu? Nyepesi kama pamba ila inakula nafasi balaa, so nikalipia upepo. Next time naagiza spana.

Kontena la futi 40 linaingiza kama CBM 67 na mnachangia watu kibao, ndo maana wangu ulikaa stoo kule karibu wiki tatu unasubiri wenzake.

Haya makontena yenyewe sio ya kale kihivyo. 1956 Mmarekani mmoja wa biashara ya malori, Malcom McLean, alipakia 58 kwenye meli ya Ideal X toka Newark mpaka Houston, kabla ya hapo vitu vingi makuli wanabeba gunia kwa gunia.

Na kilichonichekesha, mzigo umevuka bahari yote hiyo, halafu Kariakoo ukapandishwa kwenye guta, jamaa anakanyaga pedeli jasho linamtoka, anapiga kelele "pisha pisha mguu!" Boksi moja limebonyea, chupa mbili vioo vimepasuka ndani, ukitikisa zinalia chakacha.